Mama Misumari na makaburi yaliyofutwa kwenye ramani

Saa mbili kasorobo asubuhi, umande bado haujakauka, mwanamke wa miaka hamsini na tisa amepiga magoti katikati ya shamba lililokwisha kuvunwa. Jembe dogo liko kando yake. Mashine ya kutafutia chuma imelazwa juu ya mabua. Hachimbi. Anasoma.

Mbele yake, juu ya gunia, ametandaza ramani iliyochapwa miaka sitini na miwili iliyopita. Imekunjwa na kukunjuliwa mpaka pembe za mikunjo zimetoboka. Juu ya ramani amelaza karatasi nyembamba, ile ambayo mafundi cherehani hukatia mitindo, na juu ya karatasi hiyo amechora kwa penseli vitu vya leo: barabara ya lami, nguzo za umeme, nyumba ya mwenye shamba.

“Hapa,” anasema, akigusa mahali ambapo mistari miwili ya nukta inakatana. “Hizi ni njia mbili za miguu. Na hiki kiduara ni kisima. Haya, tazama huko shambani. Unaona nini?”

Mwandishi wa makala haya anatazama. Anaona mabua.

“Basi. Mabua,” anacheka. “Lakini watu waliteka maji hapa miaka nenda miaka rudi. Kisimani lazima uiname, na mtu akiinama mfuko wake hautunzi siri.”

Anasimama, anavaa hedifoni, anaanza kutembea taratibu huku akipitisha sahani ya mashine karibu na ardhi, kushoto, kulia, kama mtu anayefagia bila kugusa vumbi. Baada ya hatua kumi na tatu anasimama. Anarudia pale pale mara tatu. Kisha anachukua jembe.

Ndani ya saa moja na nusu ametoa misumari minne, kipini cha kikombe cha bati, kifungo cha mkanda na kufuli moja la shaba lililoganda kwa udongo. Kila shimo analifukia na kulikanyaga mpaka huwezi kujua palichimbwa. Kufuli analifuta kwa kitambaa, analitazama kwa muda mrefu, halafu anampelekea mwenye shamba, ambaye amekuwa akimwangalia kutoka barazani.

“Mimi nilidhani huyu mama anatafuta dhahabu,” mwenye shamba anasema baadaye. “Kumbe mtu anaweza kufurahi hivi kwa kufuli bovu!”

Mtaani kwake hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Wakubwa kwa wadogo wanamwita Mama Misumari, na jina hilo alilipata kwa jasho. Katika miezi mitatu ya kwanza ya kazi hii hakupata kitu kingine.

Mume wake, fundi redio mstaafu ambaye ndiye aliyemtengenezea mashine ya kwanza kwa nyaya na vipuri vya redio mbovu, anazikumbuka siku hizo vizuri. “Siku moja alirudi na misumari hamsini na moja,” anasema. “Nikamwambia, mke wangu, sasa tumebakiza mbao tu, tuanze kujenga.”

“Na mimi nikamwambia, baba watoto, tatizo si mimi, ni mashine yako,” mkewe anadakia kutoka jikoni. “Inapenda misumari kuliko kazi.”

Tatizo, kama alivyokuja kugundua, halikuwa mashine. Alikuwa anatafuta ovyo. Alikuwa na ramani stoo, lakini hakuwa amefikiria kuzitumia.

Ramani hizo zina hadithi yake. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa mfagizi katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Kazi yake ilikuwa sakafu, madirisha na vyoo, pamoja na chumba kimoja cha nyuma chenye makabati mapana ya chuma ambayo hakuna mwingine aliyependa kuyafuta vumbi. Ndani ya droo zake mlikuwa na ramani mia nne na kitu.

Alianza kwa kuzifuta, akaishia kuzisoma. Alimaliza darasa la saba tu, na hakuna aliyemfundisha. Aliuliza swali moja kwa wiki, tena kwa mpima ardhi mmoja tu, mtu mpole aliyekuwa akinywa chai chumbani humo.

“Alikuwa na maswali ya ajabu,” anasema mpima ardhi huyo, ambaye bado yuko kazini. “Wiki hii anauliza mistari hii ya kahawia ni nini. Namwambia, inaonyesha mwinuko wa ardhi. Wiki ijayo anarudi na kuniambia, ‘Basi huyu aliyechora hapa alikosea, maana maji yangepanda mlima.’ Nikaangalia. Kweli alikuwa amekosea!”

Ofisi ilipohamia kwenye kompyuta, chumba kile kilitakiwa kiwe chumba cha mikutano. Ramani za karatasi zilihifadhiwa nakala moja moja, na zilizozidi zikaandikiwa kuchomwa. Mfagizi akaomba apewe hizo za kuchomwa. Mkuu wa ofisi akamuuliza anazitakia nini.

“Nikamwambia, za kufunikia vitabu vya wajukuu,” anasema huku akijizuia kucheka. “Ningemwambia nataka kuzisoma, angenishangaa mpaka leo.”

Alipewa mia moja na themanini. Mwaka uliofuata naye alipunguzwa kazini.

Leo ramani hizo zimejaza chumba ambacho zamani kilikuwa cha wanawe. Zimelala bapa chini ya vitanda viwili, zimefungwa kwa plastiki, kila fungu na karatasi yake ya orodha. Ukutani kuna dira, rula ndefu ya mbao, na kamba yenye mafundo kila mita moja.

Anaeleza kanuni yake bila kujivuna. Kwanza anatafuta kitu ambacho hakijahama: njia ya reli, msingi wa jengo la mawe, makutano ya barabara kuu. Vitu viwili ni vizuri, vitatu ni bora. Hivyo ndivyo vinavyomsaidia kulaza ramani ya zamani juu ya dunia ya sasa. Kisha anatafuta kilichopotea: kisima, kivuko, gulio, karakana, kambi. Mahali ambapo watu walisimama, wakasubiri, wakalipana, wakagombana.

Kazi inayomlisha si ya makufuli ya shaba. Wapima ardhi humwita kutafuta mawe ya mipaka yaliyozama, yale yenye chuma katikati, ambayo majirani hugombania hadi mahakamani. Mwaka jana pekee alipata mia mbili na kumi na mawili. Jiwe moja humpa chakula cha siku tatu. Siku akikosa, hurudi na nauli tu, na wakati mwingine bila hata hiyo. Magoti yake yote mawili yameanza kulalamika. Vitu vya kale huviandikisha kwenye jumba la makumbusho, na hachimbi shamba la mtu bila ruhusa.

Lakini wengi wamemjua kwa siku tatu za mwaka jana, na ndizo zilizomleta mwandishi nyumbani kwake.

Siku ya kwanza, Jumatatu, mwalimu mstaafu wa miaka sitini na sita alibisha hodi akiwa na bahasha iliyochakaa. Ndani yake mlikuwa na barua ya mistari mitatu kutoka kampuni iliyokuwa ikimiliki machimbo ya mawe, kilomita kumi na tisa kutoka mjini. Barua ilimwarifu mama yake kwamba mumewe alifariki kwa kuangukiwa na mwamba, na kwamba amezikwa katika makaburi ya kambi, namba 61.

“Mama alikuwa na mimba yangu ya miezi mitano,” anasema mwalimu. “Hakuwahi kwenda. Nauli hakuwa nayo, na alipokuja kuipata, machimbo yalikuwa yamefungwa na watu wametawanyika. Aliniambia tu kwamba ni upande wa juu, karibu na reli. Alifariki miaka sita iliyopita bado akiiweka hiyo barua chini ya mto wake.”

Sasa barabara ilikuwa inapanuliwa, na ingepita palepale. Mwalimu alikuwa ameshafika kwa mhandisi wa mradi, akajibiwa kwa upole kwamba hapakuwa na makaburi yoyote kwenye ramani za mradi. Alikwenda ofisi ya upimaji. Yule mpima ardhi mpole akamwambia maneno manne: “Nenda kwa Mama Misumari.”

Walitandaza mezani ile ramani ya miaka sitini na miwili. Vyote vilikuwepo: kambi, karakana, mizani ya kupimia mawe, na juu kidogo, kijisanduku cha nukta chenye alama ndogo ndogo za makaburi. Kwenye toleo lililofuata, lililochapwa miaka ishirini baadaye, mahali hapo palikuwa peupe. Aliyechora upya hakuona haja ya kuyanakili.

“Mwalimu aliweka kidole pale, hakukiondoa,” Mama Misumari anakumbuka. “Nikamwambia, mwalimu, toa kidole basi, nipime.”

Mchana ule ule walikuwa machimboni. Mhandisi, kijana mwenye kofia ya njano, aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni mwa gari.

“Mama, kwenye ramani yangu hapo pana kichaka tu,” alisema.

“Ramani yako ina umri gani, injinia?”

“Ya mwaka jana.”

“Basi bado mchanga huyo. Hajaona kitu.”

Mhandisi alicheka, na anakiri kwamba kicheko hicho ndicho kilichomlainisha. Lakini ratiba ilikuwa ratiba. Greda lingeingia Alhamisi asubuhi. Kama kungepatikana ushahidi kabla ya hapo, angesimamisha kazi. Kama hakuna, hana la kufanya.

Jumatatu walipima kutoka kwenye daraja la mto na kwenye reli. Mashine ililia mara tatu: kopo, waya, kopo. Jumanne waliongeza eneo, wakapanda, wakashuka, wakakata vichaka kwa panga. Hakuna. Kufikia jioni mwalimu alikuwa ameketi juu ya jiwe, viatu vimejaa matope.

“Nilianza kufikiri labda ramani ilidanganya,” anasema Mama Misumari. “Kisha nikasema, hapana, mimi ndiye ninayekosea mahali. Sijui wapi tu.”

Alishuka mtoni kunawa miguu. Maji yalikuwa machache. Kiasi cha mita mia mbili kutoka darajani, upande mto unakotoka, aliona mawe manne yametokeza majini, yamekatwa kwa patasi, yamekaa kwenye mstari mmoja kutoka ukingo huu hadi ule. Mawe hayajipangi yenyewe.

Zilikuwa nguzo za daraja la zamani. Lile alilopimia kwa siku mbili lilikuwa jipya, limejengwa chini zaidi baada ya la kwanza kuchukuliwa na mafuriko. Kosa lilikuwa dogo kwenye karatasi, upana wa ukucha. Ardhini lilikuwa bonde zima.

“Nilipiga kelele,” anasema. “Mwalimu akadhani nimeumwa na nyoka.”

Jumatano saa moja asubuhi walianza upya, wakipima kutoka kwenye nguzo za kale. Kamba yenye mafundo iliwapeleka kwenye mteremko wenye majani marefu, nyuma ya mabaki ya ukuta. Saa tatu na dakika chache mashine ililia. Akachimba kina cha kiganja, akafika kwenye chuma: kigingi kizito, kichwa chake bapa, na juu ya ubapa namba iliyogongwa kwa patasi. 44.

Mwalimu alianza kulia na kucheka kwa pamoja. Mama Misumari hakufanya lolote kati ya hayo. Alibaki amechuchumaa, mkono juu ya chuma.

Sehemu hii ya habari hakulazimika kuieleza. Mwandishi hakuwa na njia ya kuijua. Aliieleza mwenyewe, macho yakiwa kwenye kikombe chake cha chai.

“Mikono ilikijua kabla ya kichwa,” anasema. “Mwaka wa kwanza wa kazi hii niliwahi kufika kwenye mteremko ule, nikitokea upande wa pili, nikifuata karakana kwenye lile toleo jipya la ramani, lisilo na makaburi. Nilitoa vigingi kama hivyo tisa. Vilikuwa na namba. Nilidhani ni vya mipaka ya machimbo. Nikavipeleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu, akavipima kwa kilo, nikanunua unga.”

Angeweza kunyamaza. Mwalimu hakujua chochote, greda lilikuwa linasubiri, na kila mtu alikuwa na furaha. Alimwita mwalimu, akamwambia.

“Aliniambia pale pale, akiwa bado chini, hajainuka,” anasema mwalimu. “Nikamuuliza, uliuza cha baba yangu? Akasema, sijui, mwalimu. Sikuangalia namba.”

Mwalimu aliondoka. Alikwenda kusimama relini, akawapa mgongo, kwa karibu nusu saa. Mama Misumari hakumfuata. Aliendelea kupitisha mashine, akafukua vichwa vya vigingi bila kuving’oa, akachomeka kijiti chenye kitambaa kila mahali. 45. 46. 48. Mstari mmoja, kisha wa pili chini yake.

“Watu huniuliza kama nilimsamehe,” anasema mwalimu. “Wakati ule, hapana. Nilirudi nikamwambia, pima kwanza. Mengine tutayaongea baadaye.”

Akapima. 57 ilikuwepo. 58 ilikuwepo. 60 ilikuwepo. Baada yake mashine ikakaa kimya, hatua mbili, tatu, kisha ikalia. Wakafukua. 62.

Kigingi namba 61 hakikuwepo.

Kisha Mama Misumari alichukua kamba, akaenda mwanzo wa mstari. Kati ya 57 na 58 kulikuwa na mita moja na robo tatu. Kati ya 62 na 63, mita moja na robo tatu. Waliozika watu wale walikuwa wafanyakazi wa machimbo, watu wa vipimo, nao hawakuwa wamekosea hata mara moja. Kati ya 60 na 62 kulikuwa na mita tatu na nusu kamili.

Akakunja kamba katikati, akapiga goti mahali mkunjo ulipoangukia, akasema, “Hapa, mwalimu. Hapa hapa.”

Mwalimu aliinama, akaweka viganja vyote viwili juu ya udongo.

“Baba,” alisema. “Ni mimi. Yule uliyemwacha tumboni.”

Mhandisi alikuwa amesimama nyuma yao tangu saa ngapi, hakuna anayejua. Alikuwa amevua kofia. Kabla jua halijatua alikuwa amepiga simu tatu, na Alhamisi asubuhi greda lilibaki limezimwa. Wiki mbili baadaye michoro ilirekebishwa na barabara ikasogezwa mita kumi na nne.

Katika siku zilizofuata Mama Misumari alionyesha makaburi themanini na saba, yote yakiwa mahali pake. Kumi na mawili hayakuwa na vigingi. Tisa kati ya hayo anayahesabu kuwa yake.

Alikwenda kwa yule yule mnunuzi wa chuma chakavu, akachagua vipande vya nondo nene. “Alinicheka,” anasema. “Akaniambia, mama, kwa kawaida wewe huleta, leo unachukua?” Fundi chuma wa jirani alivipiga vichwa bapa, vigingi kumi na viwili, na mumewe, kwa mkono ule ule uliozoea skrubu ndogo za redio, akagonga namba moja moja. Cha 61 Mama Misumari na mwalimu walikipeleka wenyewe, na mwalimu ndiye aliyeshika nyundo.

Tangu siku hiyo mwalimu huja nyumbani kwao kila baada ya wiki mbili. Anasema anakuja kusaidia kuandika orodha ya ramani, kwa sababu mwandiko wa mwenyeji ni mbaya. Mwenyeji anasema mwalimu anakuja kwa ajili ya chai. Fundi redio anasema wote wawili wanampigia kelele tu.

“Siku moja nilimwambia, yale mengine bado hatujayaongea,” Mama Misumari anasema. “Akaniambia, ‘Dada, mimi nimeshayaongea na baba. Leta sukari.’”

Ofisi ya upimaji imeahidi kwamba makaburi yale yatarudishwa kwenye toleo lijalo la ramani. Mpima ardhi mpole anasema ameshayachora mwenyewe, kwa kipimo sahihi, na kwamba safari hii hakuna atakayeyafuta akiwa yeye yupo.

Lakini karatasi ile ya miaka sitini na miwili ni moja tu. Mama Misumari na mwalimu wamepitia nyingine zote mia moja sabini na tisa, kwa kioo cha kukuzia, na wamepata vijisanduku vya nukta kama kile sehemu sita: kambi za reli, kambi za mashamba makubwa, moja ya wajenzi wa laini ya simu ya waya. Zote zimetoweka kwenye matoleo ya baadaye. Anataka kuzifikia zote, moja baada ya nyingine, kabla magoti hayajagoma.

Ya kwanza iko ndani ya shamba la mzee mmoja mkali, mfugaji, ambaye ameshamfukuza mara mbili. Mara ya kwanza alimwambia hataki wachimbaji. Mara ya pili alimfungulia mbwa.

“Jumatatu nitakwenda tena,” anasema, akikunja ramani kwa uangalifu, mkunjo juu ya mkunjo. “Safari hii mashine naiacha nyumbani. Nitakwenda na karatasi tu, niitandaze mbele yake, nimwonyeshe nyumba yake iko wapi. Halafu nimwonyeshe majirani zake.”